Magari ya Jumapili ya Harvell Moye

Harvell Moye aliajiriwa na idara ya barabara ya jimbo mwaka uleule ilipofunguliwa baipasi ya pili, barabara ya kuuzunguka mji wetu wa Battsboro. Tangu hapo, mtu akitaka kumchokoza humwambia kwamba yeye na ile barabara ni mapacha. Yeye hucheka tu.

"Pacha wangu humwagiwa lami mpya kila baada ya miaka kumi," husema. "Mimi nani atanimwagia magotini?"

Namfahamu kwa sababu kanisani Hebroni yeye hukaa benchi la tatu na mimi la nne, miaka ishirini na zaidi sasa, kiasi kwamba kisogo chake nakijua kuliko uso wake. Ni mtu mrefu, mpole, anayeimba besi kwa sauti ya chini kana kwamba hataki kumsumbua jirani. Mkewe, Lucille, amelala kwenye makaburi ya nyuma ya kanisa. Kila Jumapili, ibada ikiisha, Harvell huenda kusimama pale dakika chache, halafu ndipo anaingia ukumbini kula. Sisi wa jikoni tumezoea kumfunikia sahani.

Kazi yake ilikuwa kuitunza barabara. Alikata nyasi, aliziba mashimo, aliokota kulungu waliogongwa na malori, alinyoosha vibao vilivyopinda baada ya upepo wa kimbunga. Barabara yenyewe haikuzaliwa siku moja. Zamani, njia ya kwenda pwani ilipita katikati ya mji, mbele ya benki na duka la dawa. Malori yalipozidi, jimbo likajenga njia ya kuuzunguka mji upande wa kusini, na hiyo ndiyo tunayoiita baipasi ya zamani. Lakini watu hawakukubali kuzungukwa, wakaifuata hukohuko na vituo vya mafuta, maduka ya magodoro na kuku wa kukaanga. Zikawekwa taa nane za kuongoza magari, mpaka baipasi nayo ikahitaji baipasi. Ndipo ikajengwa ya pili, mbali zaidi, kati ya mashamba ya tumbaku na viazi vitamu, njia mbili za kwenda na mbili za kurudi, na nyasi katikati. Mji jirani wa Corley nao ulikuwa na baipasi yake. Miaka ikapita, kipande cha maili saba kikajengwa kuziunganisha. Hakuna aliyekaa chini akasema anajenga barabara kubwa ya taifa. Ilikuwa kama bibi anayeshona vipande vya nguo kuukuu kimoja kimoja, mpaka siku moja anavitandaza kitandani na kuona kwamba tayari ana blanketi.

Wakubwa wa jimbo walipotazama ramani wakaliona hilo blanketi. Wakapeleka ombi kwenye ile kamati ya majimbo inayogawa namba, wakisema vipande hivi sasa ni barabara moja, tupeni namba ya barabara kuu ya taifa. Kamati ikakubali. Namba ikawa 387, tarakimu tatu kwa sababu ni tawi la barabara mama. Lakini namba ya namna hiyo hupewi kwa kuomba tu. Mabega ya barabara, zile kingo za pembeni, lazima yawe na upana wa futi kumi, ili lori lililoharibika lisimame salama. Madaraja lazima yawe na nafasi ya kutosha. Na hakuna barabara ya kijiji itakayoruhusiwa kuikata ile kubwa kwenye usawa wake; lazima ipite juu, au chini, au ifungwe. Mpaka hayo yatimie, vibao vilisomeka "Barabara ya Baadaye 387", na watu wa mji wakawa wanataniana kwamba hata wao ni matajiri wa baadaye.

Harvell aliitaka namba hiyo kuliko mtu yeyote. Alikuwa anatarajia kustaafu Juni ya mwaka uliofuata, na aliniambia wazi kwamba kabla ya hapo alitaka kukisimamisha kibao cha kwanza kwa mikono yake mwenyewe, kile chenye umbo la ngao, buluu chini na nyekundu juu. "Nimeipalilia miaka yote hii," alisema. "Si vibaya nikaiona inabatizwa."

Shida ilikuwa sisi. Barabara yetu, ile ya Bwawa la Artis, inaikata baipasi ya pili. Kanisa na makaburi yako upande wa kusini. Nyumba zetu karibu zote ziko kaskazini. Siku zote tumesimama pale kwenye alama ya kusimama, tukangoja malori yapite, tukavuka. Ndiyo njia yetu pekee ya karibu. Madaraja ya kuvukia yako mbali, moja mashariki na jingine magharibi, na ukipita lolote kati ya hayo ni maili kumi na moja kuzunguka.

Septemba ikafanyika mkutano wa hadhara katika ukumbi wa chakula wa shule. Ramani zilitandazwa mezani, ndefu kama vitambaa vya harusi. Injinia aliyetumwa kutoka makao makuu alikuwa mwanamke kijana anayeitwa Rosalind Teague, mwenye buti za kazi na kalamu tatu mfukoni. Alieleza kwa adabu. Pale kwenye njia yetu alionyesha alama ya msalaba mwekundu. Njia itafungwa, akasema. Futi elfu moja mashariki kuna daraja la zamani ambalo baipasi hulitumia kupita juu ya reli. Reli yenyewe iling'olewa zamani na daraja ni jembamba, halina nafasi ya mabega. Kwa hiyo daraja litabomolewa na chini yake patafukiwa udongo.

"Na sisi tutapita wapi?" akauliza Shemasi Barnhill, ambaye akisimama tu kila mtu hukaa.

"Kwa daraja la mashariki, bwana. Tuliihesabu njia hii. Inatumiwa na magari arobaini na moja kwa siku."

"Arobaini na moja? Jumapili napanga magari mengi kuliko hayo mimi peke yangu, na mguu wangu huu mbovu! Nani kahesabu?"

Injinia akatazama karatasi yake. Kabla hajajibu, Harvell akasimama nyuma kule, kofia mkononi.

"Mimi," akasema.

Ukumbi wote ukageuka. Na kweli alikuwa yeye. Kuhesabu magari ilikuwa sehemu ya kazi yake. Kuna mpira mweusi, mwembamba, unaolazwa kuikata barabara. Gurudumu likiukanyaga, hewa inasukumwa mpaka kwenye kisanduku kilichofungwa kwa mnyororo kwenye nguzo, nacho kinaandika. Utaratibu ulisema saa arobaini na nane, siku za kazi. Harvell, barabara zote, miaka yote, aliulaza mpira Jumatatu mchana na kuuondoa Jumatano mchana. Na aliuondoa mchana kwa sababu moja tu, ili apate kuoga na kuwahi ibada ya Jumatano jioni.

"Yaani wewe," Shemasi Barnhill akasema taratibu, "umezichagua siku mbili ambazo hata Shetani mwenyewe anajua kwamba Hebroni hakuna mtu."

Watu wengine walicheka. Harvell hakucheka. Alikaa, na nilimwona akiizungusha ile kofia magotini kama usukani.

Jumapili iliyofuata hakuimba. Ibada ilipoisha alikwenda makaburini kama kawaida, na sahani yake ikapoa mpaka mchuzi ukaganda. Aliporudi aliniambia, "Nimemwambia Lucille. Nimemwambia nimewafungia njia kwa sababu ya haraka ya kwenda kusali."

"Na yeye kasemaje?" nikamuuliza, maana tulikuwa tunataniana hivyo.

"Unamjua Lucille. Kaniambia nikahesabu upya."

Jumatatu akampigia simu Injinia Teague, akamweleza kosa lake bila kulipaka sukari, akaomba hesabu ya siku saba nzima. Msimamizi wake alinung'unika kwamba hesabu ni hesabu, kazi imekwisha, namba inangojewa. Injinia akakubali.

"Lakini nisikudanganye, Bwana Moye," akamwambia. "Jedwali letu linataka magari mia nne kwa siku ndipo tufikirie kujenga kitu pale."

"Nimekuelewa, mama. Mimi nataka tu karatasi iseme kweli."

Mpira ukalazwa upande wa kanisa, hatua chache kabla ya alama ya kusimama. Habari ikaenea kabla Harvell hajafunga kufuli. Nyumbani kwetu watu walisali, na mimi nilisali, sioni haya kusema. Wengine wakaona sala peke yake inahitaji msaada.

Dada Ernestine Vines alikuwa na miaka themanini na mmoja. Ndiye aliyetufundisha sote shule ya Jumapili, Harvell akiwemo. Ana gari aina ya Buick, refu kama jeneza la tajiri, rangi ya krimu, na huliendesha kwa mwendo wa mtu anayetafuta sindano iliyoanguka. Wiki ile ilipokwisha, Harvell alikwenda kwake akamkuta anakoroga mahindi ya kukaanga. Mimi nilikuwa palepale nimemletea mitungi ya kachumbari ya matango, kwa hiyo hili sikusimuliwa, nililisikia.

"Dada Ernestine, Ijumaa mchana ulikuwa wapi?"

"Ijumaa ipi?"

"Hii iliyopita. Kuanzia saa nane."

"Nilikwenda kuwaona marehemu."

"Mara themanini na nane?"

Dada Ernestine akaweka mwiko chini. "Mashine yako inataja watu majina?"

"Haitaji majina. Inapima urefu kati ya gurudumu la mbele na la nyuma. Na gari la urefu ule, Hebroni nzima liko moja."

"Basi jimbo limenunua mashine mbea," akasema, akageukia sufuria. "Nilikuwa nakusaidia, wewe mtoto. Nilipita mpirani, nikageuza uani kwa kanisa, nikarudi. Nilikuwa naimba njia nzima. Mafuta yangu mwenyewe."

"Najua, Dada. Nakushukuru. Lakini nitaziondoa."

"Zote?"

"Nitakuachia mbili. Kwenda na kurudi."

"Harvell Moye! Mimi ndiye niliyekufundisha kuhesabu vitabu vya Biblia!"

"Ndiyo, Dada. Na nilipotaja sitini na saba badala ya sitini na sita ulinipiga rula."

Dada Ernestine akanitazama mimi kama vile mimi ndiye niliyemwalika Harvell. Mwisho akasema, "Angalau weka pembeni maandishi kwamba bibi kizee mmoja alijaribu." Na Harvell, ambaye hachukulii maneno ya mwalimu wake kwa mzaha, akafanya hivyohivyo. Kwenye karatasi ya Ijumaa aliandika kwa mkono wake: "Mapito 86 yameondolewa. Mama mmoja wa miaka 81 alikuwa anarudia makusudi, kwa upendo wa kanisa lake."

Baada ya kuondoa hayo, karatasi ilisema hivi: Jumapili magari mia mbili thelathini na sita. Jumatano, pamoja na jioni, mia moja thelathini na moja. Siku nyingine sitini, sabini, na mengi ya hayo yalikuwa trela za viazi vitamu, maana mavuno yalikuwa yameanza. Ukigawanya kwa siku saba hayafiki mia moja. Harvell aliijua ile mia nne. Aliituma karatasi hivyohivyo, akaja kwenye ibada ya Jumatano, akakaa benchi la tatu, akafunga macho muda mrefu kuliko sala yenyewe.

Siku mbili baadaye simu yake ikalia.

"Bwana Moye," Injinia Teague akasema, "nimefanya kazi hii miaka kumi na miwili. Watu wameniletea hesabu zilizoongezwa mara nyingi. Hii ni ya kwanza mtu kuniletea iliyopunguzwa."

"Haikupunguzwa, mama. Ndivyo ilivyo."

"Na huyu mama wa mapito themanini na sita ni nani? Ningependa kumwona."

"Jumapili ya kwanza ya Oktoba ni siku yetu ya Kurudi Nyumbani," Harvell akamwambia. "Njoo na njaa."

Siku ya Kurudi Nyumbani ni ile siku ambayo kila aliyewahi kubatizwa Hebroni, hata kama siku hizi anaishi mbali kaskazini kwenye majimbo ya theluji, hurudi, akaweka maua makaburini, akala kwa mama zake. Tulikuwa tumechoma nguruwe wawili na kuwapaka siki na pilipili, kulikuwa na sukuma, mkate wa mahindi, pai za viazi vitamu sikuhesabu ngapi. Injinia akaja na gari la serikali. Pale njiapanda akakaa kwenye foleni dakika kumi na saba, nyuma ya magari thelathini yanayongoja malori yapite. Alipofika alikuwa tayari ameandika kitu kwenye daftari lake.

Dada Ernestine akamshika mkono kabla hajagusa sahani. "Wewe ndiye binti wa ramani?"

"Ndimi, mama."

"Mimi ndiye mwizi wa mapito. Twende ukanionyeshe hiyo njia yako ya kuzunguka. Wewe utaniambia pa kukata kona, mimi nitaendesha."

"Mama, si lazima, naweza kuendesha mimi..."

"Mwanangu, wewe njia hiyo utaipita leo tu. Mimi ndiye nitakayeipita kila Jumapili. Panda."

Wakaondoka. Tulikaa, tukala, tukaimba, tukaanza kuosha vyombo. Harvell alisimama mlangoni, hakuonja kitu. Baada ya dakika hamsini Buick ikaonekana. Injinia akashuka polepole akakaa kwenye ngazi za kanisa, akaomba maji. Nikampelekea chai ya barafu, yenye sukari nyingi, akainywa yote bila kupumua.

"Malori mangapi yalipiga honi?" Harvell akamuuliza.

"Niliacha kuhesabu baada ya kumi na moja," akasema. "Moja lilitupita kwenye bega la barabara. Kwenye *bega*, Bwana Moye. Na mama huyu anaendelea kuimba tu."

"Ningefanya nini?" Dada Ernestine akasema kutoka garini. "Kulia?"

Injinia akatikisa kichwa. Alikuwa amekuja na jedwali lake, na jedwali lilikuwa na mahali pa kuandika idadi ya magari, lakini halikuwa na mahali pa kumwandika mama wa miaka themanini na mmoja akienda maili ishirini na tano kwa saa mbele ya lori la miti. Aliyasema hayo mwenyewe. Harvell akamwambia, "Ukishakula, nataka nikuonyeshe kitu. Ni karibu, tutatembea."

Akampeleka kwenye lile daraja la reli. Shemasi Barnhill na mimi tukafuata nyuma, yeye kwa sababu ya udadisi na mimi kwa sababu yake. Pale chini pana baridi nzuri. Vyuma vya reli na mataruma vimeondoka, lakini kokoto zake zimebaki, zimeshindiliwa na treni za miaka themanini. Harvell alikuwa akipasafisha kila mwaka, akitoa magogo na chupa, ingawa hakuna aliyemtuma, kwa sababu maji yasipopita pale yangekuja kula nguzo za daraja.

"Treni inataka nafasi ya futi ishirini na tatu juu yake," akasema. "Kwa hiyo wajenzi waliliinua daraja. Basi la shule linapita hapa. Trela la viazi linapita. Gari la maiti linapita. Na chini ni imara, mama. Ukichimba hapa jembe linalia. Hili daraja mtalibomoa kwa vyovyote, maana ni jembamba. Basi badala ya kufukia, lijengeni pana zaidi palepale, sisi mtulazie lami huku chini. Si hata nusu maili kutoka kwenye barabara yetu, pande zote mbili."

Injinia akakanyaga zile kokoto kwa kisigino cha buti. Akaangalia juu, akaangalia upande wa kijito kinachopita kando. "Kwenye michoro hapa pameandikwa 'reli iliyoachwa'," akasema. "Nilidhani ni kichaka."

"Kingekuwa kichaka. Mimi nilikuwa nafyeka."

Halafu injinia akasema jambo ambalo nadhani alitamani asiliseme. "Ukweli ni kwamba ukifukia, kazi inakwisha majira ya kuchipua, na namba inapatikana Mei. Tukibadilisha michoro, daraja likaundwa upya, kibali kikaombwa upya, itachukua mwaka na nusu zaidi. Labda zaidi. Wewe unastaafu lini?"

"Juni."

"Nimesikia kuhusu kibao."

Harvell akanitazama mimi, maana alijua ni nani aliyemwambia. Sikuwa nimefanya hivyo kwa ubaya. Lori likapita juu yetu, daraja likatetemeka kidogo, vumbi likashuka kwenye mwanga.

"Mama," akasema mwishowe, "kibao ni boliti mbili na nguzo. Mtu yeyote anaweza kukifunga. Chora."

Sitasema alisema bila kuumia. Tuliporudi alikwenda moja kwa moja makaburini, na mara hii alikaa kwa muda mrefu. Lakini alipoingia ukumbini alikula sahani mbili, na pai.

Haikuwa rahisi. Kulikuwa na barua, na mkutano mwingine, na bwana mmoja wa makao makuu aliyetaka kujua kwa nini kanisa moja liicheleweshe barabara ya taifa. Injinia Teague alimjibu kwamba daraja lingekuwa na mabega ya futi kumi kama kamati inavyotaka, kwamba udongo wa kufukia ungetolewa mbali na kijito kingehitaji bomba kubwa, na kwamba yeye binafsi alishapita ile njia ya kuzunguka na hangeweka jina lake kwenye mchoro unaompeleka mtu huko kila wiki. Februari barua ikaja. Ilikubaliwa. Shemasi Barnhill aliisoma mimbarani yote, mpaka namba za simu zilizo chini.

Juni Harvell akastaafu. Wakampa saa ya ukutani na keki. Barabara ilikuwa bado inaitwa ya baadaye.

Ujenzi ukaanza kiangazi hicho. Kila asubuhi mstaafu wetu alikwenda na kiti chake cha kukunja, akakaa mbali kidogo na mashine, akawatazama wakimwaga zege. Vijana wa kampuni mwanzoni walimwona msumbufu. Baadaye wakawa wanamuuliza maji hupita wapi mvua ikinyesha, na yeye akiwaonyesha kwa kidole tu, bila kuinuka. Daraja likakua pana, jeupe, na chini yake lami nyeusi ikalazwa juu ya kokoto zilezile.

Njia ya zamani ilifungwa Jumatatu moja ya Novemba, mwaka uliofuata. Wakaweka vizuizi vya zege pande zote mbili. Alhamisi ya wiki hiyo wafanyakazi wakafunga vibao vya ngao kuanzia Battsboro mpaka Corley, na Harvell alikuwa amelazwa kitandani kwa mafua, hakukiona hata kimoja kikiinuliwa. Nilipompelekea supu nilimwambia pole.

"Pole ya nini?" akasema kwa sauti ya puani. "Jumapili mimi naenda kanisani."

Jumapili ikafika, na jua la baridi. Dada Ernestine aliomba awe wa kwanza, na nani angemkatalia? Aliteremka kwenye njia mpya na Buick yake kwa mwendo wake uleule, na nyuma yake magari arobaini, hamsini, hakuna aliyeweza kumpita. Harvell alikuwa wa pili, mimi nimekaa kando yake. Alipofika chini ya daraja, Dada Ernestine akasimama kabisa. Sote tukasimama. Akateremsha kioo, akatoa kichwa nje.

"Nini tena?" Harvell akamwita. "Gari limezimika?"

"Nyamaza wewe. Nasikiliza."

Juu yetu malori yalikuwa yanakwenda pwani, moja baada ya jingine, kwenye barabara yenye namba. Hakuna lililompigia mtu honi. Nyuma yetu pia hakuna aliyepiga honi, ingawa foleni ilikuwa imefika hadi juu barabarani na kwaya nzima ilikuwa humo ndani. Dada Ernestine alisikiliza mpaka akaridhika, akafunga kioo, akaondoa mguu kwenye breki.

Ibada ilianza saa tano na dakika kumi na tano badala ya saa tano kamili, na mchungaji hakumuuliza mtu yeyote kwa nini amechelewa, maana yeye alikuwa gari la saba.